Viigizi na Historia ya Kiswahili cha Katanga: Masikio Mawili ya Nchi ya Shaba

Utangulizi

Kuna aina ya maneno ambayo kila mzawa wa lugha huyatumia bila kufundishwa, na ambayo wanasarufi wengi wamekuwa wakiyapita kama msafiri apitavyo nyumba isiyo na mlango. Mtu hulala fofofo. Mwingine hujifunika gubigubi. Kitambaa huwa cheupe pepepe, na usiku huwa giza totoro. Ukiyaondoa maneno haya ya mwisho, sentensi hubaki sahihi, lakini msikilizaji haoni tena kilichosimuliwa. Amepewa habari, hakuonyeshwa tukio.

Katika shule za Afrika Mashariki maneno haya hujulikana kama tanakali za sauti. Jina hilo ni zuri, ila linabana, kwa kuwa si yote yanayoiga sauti. Weupe hauna sauti, wala giza halina. Hata hivyo weupe una pepepe yake na giza lina totoro yake. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno viigizi, yaani maneno yanayoigiza jambo kwa umbo lao lenyewe, liwe sauti, mwendo, rangi, harufu au hali ya moyo. Wanaisimu wengi huyaita ideofoni.

Azma ya makala ni kueleza jinsi viigizi vilivyoachwa nje ya kumbukumbu za Kiswahili cha Katanga, na jinsi kuachwa huko kulivyosaidia kuipa lugha hiyo sifa ya umaskini. Hoja yenyewe ni nyepesi kutaja. Lugha iliyoandikwa na watu waliotaka kutoa amri tu haiwezi kuonekana ina utajiri wa kusimulia, hata kama utajiri huo umejaa uani kwa wasemaji wake.

Neno lisilo na pa kukaa

Sarufi ya Kibantu imejengwa juu ya upatanisho. Nomino huvuta kivumishi, kitenzi na kiwakilishi vyote vifuate ngeli yake. Kiigizi hakivutwi na chochote. Watoto wanalala fofofo, mtoto analala fofofo, paka analala fofofo: neno halibadiliki. Halikubali kiambishi, halina wakati wala nafsi.

Kwa upande wa matamshi pia kiigizi hujitenga. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini asemaye mweusi tititi huzipa silabi zote tatu nguvu sawa, na akitaka huziongeza ziwe nne au tano. Asemaye kimya jii huivuta irabu kadiri ya ukimya anaoukumbuka. Kuna hata viigizi visivyokuwa na irabu kabisa, kama mff ya kunuka, jambo ambalo neno la kawaida la Kiswahili haliwezi kulifanya.

Maana nayo ina usahihi wa ajabu. Kitenzi kuanguka ni kimoja, lakini mtu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, na sakafuni pu. Msikilizaji akisikia kiigizi tu anajua mahali palipomwangusha huyo mtu, hata kama msimulizi hajapataja. Kazi ambayo lugha nyingine ingehitaji kishazi kizima kuifanya, hapa inafanywa na silabi moja au mbili.

Wataalamu wa mwanzo waliliona jambo hili wakakosa pa kuliweka. Mwaka 1852, katika kazi ya Samuel Crowther juu ya Kiyoruba, Askofu O. E. Vidal alistaajabia maneno ambayo kila moja liliandamana na kivumishi au kitenzi chake maalumu. Miaka miwili baadaye S. W. Koelle alikuta jambo hilo hilo katika Kikanuri. Wote wawili waliyahesabu maneno hayo kuwa aina ya vielezi. Desturi hiyo imedumu: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ina viigizi vingi vilivyotiwa alama ya kielezi, vikiwa vimepangwa pamoja na sana, leo na polepole, maneno ambayo hayana udugu navyo wa sauti wala wa matumizi.

Masikio mawili

Aliyeupa mkusanyiko huu jina lililoenea ni Clement Martyn Doke, katika kitabu chake cha istilahi za isimu ya Kibantu kilichotolewa mwaka 1935. Wasomaji wengi humjua Doke kama profesa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alikoanza kazi mwaka 1923, na kama mtaalamu wa Kizulu. Husahaulika kwamba lugha ya kwanza ya Kibantu aliyoizamia ilikuwa Kilamba. Alifika katika misheni ya Wabaptisti ya Kafulafuta, katika Zambia ya leo, mwaka 1914, akakaa huko hadi mwaka 1921. Alijifunza lugha kwa kusikiliza hadithi na mithali, akazichapisha mwaka 1927 katika mkusanyo wa ngano za Walamba.

Sasa na itazamwe ramani. Nchi ya Walamba ilikatwa vipande viwili na mpaka wa wakoloni. Upande mmoja ukawa wa Waingereza, upande wa pili ukawa wa Wabelgiji, na katika ardhi ya Walamba upande huo wa pili ndiko ulikojengwa mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikwisha kuundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove, katika nchi ya Wasanga, kilomita zipatazo 25 kutoka Likasi, mahali ambapo wenyeji walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba kabla ya Mzungu yeyote kufika.

Kwa hiyo katika miaka ile ile, na katika nyanda zile zile za shaba, palikuwa na masikio mawili. Sikio la kwanza lilikaa Kafulafuta likasikiliza ngano. Sikio la pili lilikaa Kambove, Likasi na Elisabethville likasikiliza kama amri imetekelezwa. La kwanza liliona viigizi kila ukurasa, hata likaona haja ya kuvipa cheo chake katika sarufi. La pili halikuviona, kwa kuwa halikuvihitaji.

Tofauti hii haitokani na akili za watu bali na mahali walipokaa. Viigizi ni maneno ya kusimulia. Katika lugha nyingi vina uzito wa kuingia katika amri, katika swali na katika ukanushi. Msimamizi hamwambii mfanyakazi, Anguka pu! Wala mtu hasemi kwa urahisi kwamba fulani hakuanguka chubwi. Kiigizi huonyesha kilichotokea, na asiyetaka kuonyeshwa kilichotokea hatakisikia kamwe. Atakayeijua lugha kwa njia ya lete, chukua, chimba na haraka atarudi kwao akiwa na hakika kwamba lugha hiyo ina maneno mia chache tu.

Hukumu za namna hii hazikuishia kwenye lugha. Walamba wengi waliona afadhali kulima na kuwauzia watu wa migodi chakula kuliko kushuka migodini wenyewe. Kwa uamuzi huo wa busara wakabandikwa na watawala jina la wavivu. Aliyepima watu kwa kazi ya mgodini alikuta uvivu, na aliyepima lugha kwa amri ya mgodini alikuta umaskini. Kipimo kilikuwa kimoja.

Lugha ya kazi na lugha ya nyumba

Kiswahili hakikuletwa Katanga na kampuni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani na wa Unyamwezi walifika Bunkeya, makao makuu ya Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeuawa mwaka 1891. Lakini kilichokifanya Kiswahili kiwe lugha ya miji ya shaba ni kambi za wafanyakazi. Katika miaka ya mwanzo, machimbo yalipokuwa na wasimamizi wengi kutoka kusini mwa Afrika, ilitumika lugha ya mseto ya kusini iliyojulikana Katanga kwa jina la Kikabanga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Kiswahili kilichukua nafasi yake. Wafanyakazi walitoka Luapula, Kasai, Uluba na, kuanzia miaka ya 1920, Ruanda-Urundi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili siasa yake ya kazi. Badala ya kuwaajiri wanaume kwa muda mfupi na kuwarudisha makwao, ilianza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto wao. Sababu ilikuwa ya hesabu, kwa maana kuleta wafanyakazi wapya kila mara kuligharimu fedha na maisha. Matokeo yake katika lugha hayakukusudiwa na mhasibu yeyote. Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya baba akiwa kazini, kikawa pia lugha ya mama akibembeleza mtoto, ya jirani akisimulia ugomvi wa jana, ya bibi aliyekuja kutembea akitamba hadithi za kijijini.

Hapo ndipo kiigizi kilipopata mlango. Kambini Mluba, Mbemba, Msanga na Mnyarwanda hawakuwa na sarufi moja. Ngeli za Kiswahili cha pwani zilipunguzwa, na viambishi vikachukua sura za lugha za bara, kama ba- mahali pa wa-. Palipohitajika upatanisho palikuwa na mashaka. Lakini kiigizi hakina upatanisho! Kinavuka kutoka lugha hadi lugha kama mtu asiye na mizigo. Mzungumzaji wa Kibemba husema ukubuuta tuu kwa kitu kilicho cheupe sana, na ukufiita fititi kwa kilicho cheusi sana. Anapohamia kwenye Kiswahili, kitenzi hubadilika, lakini tuu na fititi zaweza kumfuata jinsi zilivyo, na jirani yake aliyezoea pepepe na tititi ataelewa bila mkalimani. Katika mji wa lugha nyingi, sehemu ya usemi iliyodharauliwa na wanasarufi ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kugawana.

Kumbukumbu iliyoandikwa haikufuata njia hiyo. Vitabu vidogo vya mafunzo vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa kazini vilikwenda na mahitaji yao: majina ya vifaa, hesabu, saa, amri. Shule na misheni kwa upande wao zilishika Kiswahili bora, yaani kile kilichokaribia usanifu wa pwani, na mwanafunzi aliyeandika jinsi watu wa kambini walivyosema alisahihishwa. Hivyo Kiswahili cha Katanga kilibanwa pande mbili. Mmoja alikiandika kikiwa kifupi kuliko kilivyo, mwingine akakataa kukiandika kabisa.

Mabadiliko yalianza kwa wasomi waliokubali kusikiliza. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville kuanzia mwaka 1956, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha yenye muundo wake. Mwaka 1971 kilianzishwa Lubumbashi kituo cha isimu kinachojulikana kwa kifupi kama CELTA. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichunguza maigizo ya Kundi la Mufwankolo, ambayo hayakuandikwa kwanza bali yaliundwa na wachezaji wakiwa wanacheza. Kazi yao ilitoka mwaka 1981. Johannes Fabian alieleza mwaka 1986 jinsi mamlaka ya kikoloni yalivyokitumia na kukipanga Kiswahili cha Katanga.

Fabian huyo huyo alitoa mwaka 1990 matini ambayo inafaa kutajwa hapa kwa namna ya pekee. Ni historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, kwa Kiswahili cha mji wenyewe, bila kufuata tahajia ya shule. Kwa macho peke yake matini hiyo ilikuwa ngumu kueleweka. Ilibidi isomwe kwa sauti na mtu wa Lubumbashi, ndipo maneno yakatengana na maana ikasimama. Somo lake kwa mchunguzi wa viigizi ni kubwa. Kuna Kiswahili ambacho karatasi hukihifadhi nusu tu, na nusu ya pili hukaa kooni mwa msemaji.

Mfano wa Kijapani

Je, ni lazima viigizi vikae pembezoni? Kijapani kinajibu kwamba si lazima. Lugha hii haina ukoo na Kibantu, lakini ina wingi wa viigizi unaolingana na wa lugha za Afrika, na wasomi wake wameviweka mahali pa heshima. Wana majina tofauti kwa kila kundi: giseigo ni maneno ya kuiga milio ya viumbe, giongo ni ya sauti za vitu, gitaigo ni ya hali na mwendo usio na sauti. Kamusi ya Asano Tsuruko na Kindaichi Haruhiko ya mwaka 1978 ilitengwa kwa maneno hayo peke yake. Kamusi ya Ono Masahiro ya mwaka 2007 ilikusanya maneno 4,500.

Muundo wake una mpango. Kitu chepesi kikibingirika huwa korokoro, kizito huwa gorogoro. Nyota humeta kirakira, bali mwanga mkali unaoumiza macho huwa giragira. Konsonanti ikipata ghuna, kitu huongezeka uzito au ukali. Ukimya nao una kiigizi chake, shiin, kama jii ya Kiswahili. Mgonjwa humweleza daktari kwamba maumivu ni zukizuki akimaanisha yanapwita, au chikuchiku akimaanisha yanachoma kama sindano, na daktari halioni hilo kuwa lugha ya kitoto. Ni maelezo ya ugonjwa.

Watu wa Katanga na Wajapani wamewahi kuishi jirani. Kampuni ya SODIMIZA, iliyoongozwa na Wajapani wa Nippon Mining, ilichimba shaba huko Musoshi, kusini-mashariki mwa Lubumbashi karibu na mpaka wa Zambia, katika miaka ya 1970 hadi Wajapani walipoondoka mwaka 1983. Katika mgodi huo walikutana wasemaji wa lugha mbili zinazojua kuigiza weupe, uzito na ukimya kwa silabi zilizorudiwa. Lugha moja ilikuwa na kamusi nzima ya maneno hayo. Ya pili ilihesabiwa kuwa lugha ya kambi.

Yafaa kuongeza ushahidi wa karibuni. Mwaka 2016 Gwilym Lockwood na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa Waholanzi wasiojua Kijapani. Walipofundishwa viigizi kwa maana yake halisi walivishika vizuri kuliko walipofundishwa kwa maana iliyogeuzwa. Katika umbo la maneno haya kuna kitu ambacho hata sikio geni linaweza kukidaka. Msimamizi wa Kambove, kwa hiyo, hakukosa masikio. Alikosa saa ya kukaa na kusikiliza.

Kupungua au kudumu

Isidhaniwe kwamba viigizi havifi. G. Tucker Childs alionyesha mwaka 1996 kwamba katika Kizulu cha mijini viigizi vilikuwa vinapungua vinywani mwa vijana. William Samarin, aliyefanya uchunguzi mpana wa viigizi vya Kibantu mwaka 1971, alikuwa amekwisha kuona jinsi Kisango, lugha ya mawasiliano ya Afrika ya Kati, kilivyo na viigizi vichache kuliko Kigbaya kilichopakana nacho. Lugha inapokuwa ya soko, ya ofisi na ya watu wasiofahamiana, kiigizi hukosa kazi. Huhitaji mtu anayekaa kukusikiliza.

Hatari hiyo ipo Katanga pia. Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya mwaka 2006. Mwanafunzi anapokua anajifunza kwamba mambo mazito husemwa kwa Kifaransa na kwamba Kiswahili cha nyumbani ni cha kujificha. Akiandika insha ya Kiswahili huandika kile cha vitabu, ambacho ndani yake viigizi vimebakia orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Pepepe na tititi hujulikana kwa sababu zimechapishwa. Tuu na fititi za jirani husikika tu, na zikitoweka hakuna karatasi itakayoshuhudia kwamba zilikuwapo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba jina la kitaalamu la viigizi lilitolewa na msomi aliyefunzwa na Walamba, watu wa nchi ile ile ambako Kiswahili cha Katanga kilikua na kuhukumiwa kuwa maskini. Hukumu hiyo haikutokana na lugha. Ilitokana na nafasi ya aliyeisikiliza, kwa kuwa alisimama mahali ambapo viigizi havisemwi.

Kutokana na hayo mambo matatu yanafuata. Kwanza, kamusi za Kiswahili zinapaswa kuvipa viigizi alama yake vyenyewe badala ya kuvificha chini ya vielezi, na kueleza kitenzi au kivumishi ambacho kila kimoja huandamana nacho. Pili, mkusanyaji wa Kiswahili cha Katanga aanze na masimulizi, si na maswali ya msamiati. Mtu akiulizwa orodha ya viigizi hatakumbuka hata kimoja, lakini akiulizwa siku mvua ilipobomoa nyumba atavitoa kumi kabla hajafika mwisho. Tatu, kinachokusanywa kihifadhiwe kwa sauti kwanza na kwa maandishi baadaye, kwa sababu urefu wa irabu na nguvu ya silabi ni sehemu ya neno lenyewe.

Wazee waliozaliwa katika kambi za Kambove, Likasi na Lubumbashi kabla ya uhuru wanazidi kupungua. Wao ni kizazi cha kwanza kulelewa kwa Kiswahili hicho, na ndio waliosikia mama zao wakileta tuu ya huku na pepepe ya kule katika ua mmoja. Kazi ya kuwasikiliza haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kukaa nao jioni, asiwe na haraka, na asiwakatize wanaposimulia.